Kufunga SSD Mpya Kuwa Diski ya Kuwashia Kompyuta ya Mezani

Mlaji anayefika kwetu na lalamiko kuhusu kompyuta ya mezani huanza mara nyingi kwa kusema kwamba kompyuta yake imekuwa nzito. Anaiwasha asubuhi, anakwenda kuchemsha chai, anarudi, na bado haijawa tayari. Akimwendea fundi huambiwa mojawapo ya mambo mawili: anunue nyingine, au kompyuta ipigwe Windows upya. Kuna ushauri wa tatu ambao kwa kompyuta nyingi zenye umri wa miaka mitano au kumi ndio ulio bora na wenye gharama ndogo, nao ni kuondoa diski ngumu ya zamani katika kazi ya kuwasha kompyuta na kuweka SSD mahali pake.

Kazi hiyo si ngumu. Mtu mwenye bisibisi, subira na mwanga wa kutosha aweza kuifanya nyumbani kwake. Lakini tumekwisha kupokea malalamiko ya kutosha kujua kwamba hasara katika jambo hili haitokani sana na bisibisi. Hutokea dukani kabla, na hutokea pale nyaraka za mlaji zinapohamishwa. Kwa hiyo mafunzo haya yatakaa zaidi katika sehemu hizo mbili.

Kwa nini diski ngumu huchelewesha

Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaopita juu yake kusoma na kuandika. Kila mara kompyuta inapohitaji faili iliyo mahali pengine, mkono huo hauna budi kuhama na kungoja sahani izunguke hadi pale panapotakiwa. Safari moja huchukua takribani sehemu 10 za elfu moja za sekunde. Ni muda mdogo sana, lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika, na safari hizo zikijumlishwa huwa dakika.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ni vipande vya kumbukumbu ya kielektroniki, na kufikia faili popote ilipo huchukua muda ulio mdogo mara mia au zaidi kuliko ule wa mkono wa diski ngumu. Hiyo ndiyo sababu kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu au nne huwaka chini ya nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski, ijapokuwa kichakato chake ni kile kile.

Tunasisitiza jambo hili la safari ndogo ndogo kwa kuwa matangazo ya biashara hutaja kasi nyingine. SSD inayounganishwa kwa kebo ya SATA husoma hadi takribani megabaiti 550 kwa sekunde. Zile za aina ya NVMe husoma 3,500 na hata zaidi ya hapo. Mlaji huona tarakimu hizo akadhani ya pili itawasha kompyuta yake mara sita haraka kuliko ya kwanza. Haitakuwa hivyo. Kasi hizo hupimwa kwa kusoma faili moja kubwa mfululizo, na kuwasha kompyuta si kazi ya namna hiyo. Kwa anayeandika barua, kutunza hesabu na kutumia intaneti, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi cha kutohisiwa, na hakuna sababu ya kulipia asichokihisi.

Kabla hujanunua, hakikisha kwamba diski ndiyo yenye kosa. Kompyuta ikiwa nzito, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha tazama safu inayoonyesha diski. Ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu huku kichakato kikiwa kimetulia, SSD itakusaidia. Ikiwa kinachojaa ni ramu, ongeza ramu kwanza. Kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 2 haitapona kwa SSD peke yake.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wengine hawalisemi. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kompyuta yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na kichakato kilichomo katika orodha yake. Kuweka SSD hakuifanyi kompyuta ya mwaka 2012 ikidhi masharti hayo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo afikirie kuweka Linux, ambayo ni bure na huenda vizuri katika mashine za zamani, ama akubali kuitumia kwa kazi zisizohitaji intaneti.

Dukani

Fungua kasha la kompyuta kabla ya kwenda dukani, au mwombe muuzaji wa kompyuta hiyo akuonyeshe kitabu chake cha maelezo. Utakachotafuta ni nafasi iliyopo. Kompyuta karibu zote za mezani za miaka 15 iliyopita hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, ambayo ni kibamba bapa cha ukubwa unaokaribia kadi mbili za benki zilizowekwa kando kwa kando. Mashine za kuanzia takribani mwaka 2014 zaweza kuwa pia na nafasi ya M.2 juu ya ubao mkuu, inayopokea SSD nyembamba kama kipande cha chingamu, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80. Ndiyo maana ya tarakimu 2280 unazoziona kwenye boksi.

Hapa pana mtego. M.2 ni jina la umbo tu, si la aina. Ndani ya umbo hilo zimo SSD za SATA na SSD za NVMe, na nafasi nyingine hupokea aina moja tu. Zaidi ya hayo, mashine nyingine huweza kushikisha SSD ya NVMe mahali pake, ikasomeka kama diski ya kuhifadhia, lakini zikakataa kuwaka kutoka humo kwa kuwa programu ya ubao mkuu ni ya zamani. Kama huna hakika, chagua ile ya inchi 2.5. Hujapoteza kitu.

Kuhusu ukubwa, gigabaiti 240 au 256 zinatosha kwa Windows, programu za ofisi na nyaraka. 480 au 500 zinampa mtu nafasi ya kupumua. Usishtuke ukiona SSD iliyoandikwa 500 ikisomeka 465 kwenye kompyuta. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, nayo Windows huhesabu kwa vipimo vya 1,024. Hujaibiwa.

Kuna wizi wa kweli, nao una sura tatu.

Wa kwanza ni SSD inayodai ukubwa isiokuwa nao. Huuzwa kama terabaiti 2 kwa bei ambayo isingetosha kununua hata robo yake. Ndani ya kasha lake mna kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, na programu iliyomo imefundishwa kudanganya kompyuta. Mnunuzi huifurahia kwa wiki kadhaa. Akiijaza kupita ukubwa wake wa kweli, faili mpya huandikwa juu ya za zamani bila onyo lolote, na siku anapozifungua hukuta zimeharibika zote. Kuibaini ni rahisi: programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski yote kwa taarifa za majaribio, kisha huzisoma tena na kulinganisha. Zoezi hilo huchukua saa kadhaa na huweza kuharibu kilichomo, kwa hiyo lifanyike siku ya kwanza, wakati SSD bado ni tupu na muuzaji bado anakukumbuka.

Wa pili ni SSD iliyotumika inayouzwa kama mpya. Kila SSD hujiandikia ndani saa ilizofanya kazi, idadi ya mara ilizowashwa na kiasi cha taarifa kilichoandikwa juu yake. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha yote hayo kwa ukurasa mmoja. SSD mpya huonyesha saa chache mno au sifuri. Ukikuta saa 9,000, umeuziwa kitu kilichokesha kazini kwa zaidi ya mwaka mzima. Tunashauri uombe jambo hili lifanyike palepale dukani kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu ana kompyuta ya kujaribia na hatachukizwa. Kununua SSD iliyotumika si kosa, mradi uliambiwa na bei ikalingana.

Wa tatu ni bidhaa bandia yenye jina la kampuni inayojulikana. Tazama maandishi ya boksi na ya lebo kama yanafanana, kisha ingiza namba ya utambulisho ya SSD katika tovuti ya mtengenezaji. Kampuni kubwa nyingi zina ukurasa wa kuhakiki dhamana kwa namba hiyo. Namba isiyotambulika ni sababu ya kutosha ya kurudisha bidhaa.

Dai risiti ya mashine ya EFD, na uombe namba ya utambulisho ya SSD iandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana yenye mhuri wa duka. Bila namba hiyo, muuzaji aweza kusema kwamba SSD unayoirudisha si ile aliyokuuzia, na huna cha kumjibu. Soma pia kipimo cha dhamana. Hutajwa kwa miaka, aghalabu mitatu au mitano, na kwa terabaiti zitakazoandikwa, kile kitakachotangulia kufika. Kipimo cha pili kisikutishe. SSD ya gigabaiti 500 yenye kikomo cha terabaiti 300, kwa mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, ingefikia kikomo hicho baada ya siku 15,000, yaani zaidi ya miaka 40.

Nakala kwanza

Mama mmoja mwenye steshenari katika mji wa Kanda ya Ziwa alitujia akiwa na kompyuta nzima mikononi. Alinunua SSD ya gigabaiti 240, akamwita fundi aliyesifiwa na jirani. Fundi alimhakikishia, "Mama, nyaraka zote zitahama zenyewe, usiwe na hofu." Akaunganisha diski zote mbili, akafungua programu ya kunakili diski, akachagua ipi ni chanzo na ipi ni lengo, akabonyeza, akaenda kula. Alizigeuza. Programu ilitii ilichoambiwa: ikachukua utupu wa SSD mpya na kuunakili hatua kwa hatua juu ya diski yenye kazi ya miaka saba.

Katika diski hiyo zilikuwamo wasifu za watu waliokuwa wakiomba kazi, mitihani ya walimu wa shule za jirani, na picha za harusi mbili. Lililomuumiza zaidi ni daftari la kikoba cha wanawake 28, ambacho yeye alikuwa katibu wake, lenye michango na mikopo ya miaka minne. Ilikuwa imebaki miezi miwili kufikia mgawo. Diski ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 500, hivyo sehemu ya mwisho haikuguswa, na mtaalamu wa kufufua faili alipata humo baadhi ya picha. Daftari halikuwamo. Wanachama walilazimika kukaa vikao vya jioni kwa wiki sita wakikusanya vitabu vyao vidogo na ujumbe wa miamala ya simu, mmoja mmoja, huku wengine wakianza kunong'ona kwamba katibu ameficha jambo. Fundi alirudisha ujira wake na kulipia ufufuaji. Hakuwa mwizi wala hakuwa na nia mbaya. Alikosa dakika tano za kusoma majina ya diski, na wote wawili walikosa nakala.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua skrubu hata moja, nakili nyaraka zako zote katika kifaa cha tatu ambacho hakitaguswa na kazi hii: diski ya nje, flashi kubwa, au hifadhi ya mtandaoni. Usitegemee folda ya nyaraka peke yake. Watu wengi huweka mambo yao juu ya meza ya skrini, katika folda ya vilivyopakuliwa, au ndani ya programu ya hesabu yenye mahali pake pa kuhifadhi. Baada ya kunakili, chomoa kifaa hicho, kipeleke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili tano au sita uone kama zinafunguka. Kisha kiweke mbali na fundi. Ikiwa diski yako ya zamani imeanza kulia kwa mikwaruzo au kugonga, fanya hivyo leo, usingoje SSD inunuliwe.

Jambo moja zaidi kuhusu kufuli. Kompyuta nyingine za ofisi zina diski iliyofungwa kwa BitLocker. Ukibadilisha vitu bila kuisimamisha kwanza, waweza kuulizwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Kunakili diski nzima au kusimika upya

Ziko njia mbili za kuifanya SSD iwe ya kuwashia. Waweza kunakili diski ya zamani ilivyo, pamoja na programu na mipangilio yake, au kusimika mfumo endeshi upya katika SSD tupu na kurudisha nyaraka kutoka kwenye nakala. Sisi twapendelea ya pili. Kompyuta iliyotumika miaka mingi imekusanya programu zisizohitajika na pengine virusi, na kuinakili ni kuhamia nyumba mpya pamoja na takataka za nyumba ya zamani. Lakini mwenye programu ya hesabu au ya kazi maalumu ambayo hana tena njia ya kuisimika ana sababu nzuri ya kunakili.

Anayenakili aangalie kwamba kilichomo katika diski ya zamani kinaenea katika SSD. Programu nyingine, mfano Clonezilla, hutaka lengo liwe sawa na chanzo au kubwa zaidi, hata kama chanzo kina nafasi tupu tele. Na pale unapoulizwa chanzo na lengo, usitazame herufi za C na D. Tazama jina la mtengenezaji na ukubwa wa kila diski, uyaandike, umsomee mtu mwingine kwa sauti ndipo ubonyeze. Kazi ikiisha, zima kompyuta, chomoa diski ya zamani, na uwashe kwa SSD peke yake. Nakala ina utambulisho uleule wa diski asili, na zikiwapo zote mbili Windows yaweza kuizima mojawapo, au ukadhani unatumia mpya kumbe umewasha ya zamani.

Anayesimika upya atahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, iliyotengenezwa kwa programu inayotolewa na Microsoft katika tovuti yake, au na watoaji wa Linux aliyoichagua. Kisha achomoe kebo ya diski ya zamani kabla ya kuanza. Wengi hupuuza hatua hii. Msimikaji wa Windows akikuta diski mbili, huweza kuweka mfumo katika SSD lakini akatumia sehemu ndogo ya kuwashia iliyokuwapo tayari katika diski ya zamani. Kila kitu kitaonekana sawa. Mwaka mmoja baadaye diski ya zamani ikifa au ikiuzwa, kompyuta haitawaka, ingawa SSD ni nzima kabisa.

Mlaji asikubali pia kutozwa "leseni mpya" kwa sababu tu diski imebadilishwa. Katika Windows 10 na 11, leseni halali ya kidijitali hufungamana hasa na ubao mkuu. Ukisimika toleo lilelile katika kompyuta ileile na kuunganisha intaneti, hujitambua yenyewe. Ikikataa, huenda leseni ya awali haikuwa halali, na hilo ni la kumwuliza aliyekuuzia kompyuta.

Kufunga

Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisicho na rangi cha kasha kabla ya kushika chochote, na ufanye hivyo kila unaporudi kutoka kwenye shughuli nyingine. Shika SSD kwa kingo zake.

Ile ya inchi 2.5 ina viunganishi viwili vyenye umbo la herufi L: chembamba cha taarifa na kipana cha umeme. Umbo hilo huzuia kuchomeka kinyume, kwa hiyo ikikataa kuingia usilazimishe. Baadhi ya kompyuta ndogo za ofisi hutoa umeme wa diski kutoka kwenye ubao mkuu kwa kebo yake maalumu. Tazama kama kuna kichwa cha ziada, vinginevyo ununue kebo ya kugawa. Nafasi ya diski katika kasha huwa ya inchi 3.5, nayo SSD hukaa humo kwa fremu ya bei ndogo. Kwa kuwa haina kinachozunguka, haidhuriki kwa kukaa kwa upande au kwa kusimama, ila isiachwe ikining'inia kwenye kebo.

SSD ya M.2 huingizwa kwa kuinama, takribani nyuzi 30, hadi viunganishi vyake vifichike, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu moja ndogo sana. Hakikisha skrubu hiyo unayo kabla ya kuanza, kwani mara nyingi haimo kwenye boksi la SSD. Katika baadhi ya bao, kutumia nafasi ya M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA. Kifaa kingine kikitoweka ghafla, kihamishie tundu jingine.

Ukiwasha, ingia katika mipangilio ya ubao mkuu kwa kitufe kinachotajwa kwenye skrini, kwa kawaida F2, F10 au Del, uone kama SSD imetambuliwa, na uiweke ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha. Kwa anayesimika upya, hali ya SATA iwe AHCI na hali ya kuwasha iwe UEFI ikiwa ipo. Anayenakili asiguse hayo mawili. Windows iliyozoea hali moja huanguka kwa skrini ya buluu ikibadilishiwa ghafla, na mlaji hudhani SSD ni mbovu akairudisha dukani bure.

Baada ya hapo

Itunze diski ya zamani bila kuigusa kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Ndani ya siku hizo utagundua ulichosahau kukihamisha. SSD yenyewe isijazwe hadi ukingoni. Acha walau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi. Usiitumie programu ya zamani ya kupanga upya vipande vya faili, kwa kuwa haina faida hapa na huongeza uandishi. Windows ya sasa huitambua SSD na kuihudumia yenyewe.

Penye umeme wa kukatikakatika, kifaa cha kuhifadhi umeme cha UPS ni matumizi yenye maana. Diski ngumu ikielekea kufa mara nyingi hutoa ishara ya mlio au uzito. SSD huweza kufa kimya, leo inafanya kazi na kesho haionekani, na faili zilizofutwa humo kwa kawaida hazifufuliki. Wala isitumike kama sanduku la kumbukumbu: ikikaa kabatini miaka bila umeme, hasa iliyochakaa na mahali pa joto, taarifa zake hufifia.

Inabaki diski ya zamani. Mafundi wengine huiomba kama sehemu ya malipo, na mlaji huitoa akidhani haina thamani. Kufuta faili au kufanya fomati ya haraka hakuondoi kilichomo; huondoa orodha tu, na mtu mwenye programu ya bure aweza kuzisoma nakala za vitambulisho, taarifa za benki na picha za familia. Ifanyie fomati kamili ukiwa umeiunganisha kama diski ya pili, kazi ya saa kadhaa, ndipo uiuze au uitoe. Ikiwa imekufa na haiwezi kufutwa, itobolewe sahani zake. Kwa mwenye steshenari, zahanati au ofisi yoyote inayotunza taarifa za watu wengine, hili si hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai azilinde.

SSD ikionyesha kasoro, acha kuitumia na urudi kwa muuzaji mapema, kabla ya muda wa kurudisha kuisha. Bandiko la dukani lisemalo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kukupa kitu kisichokuwa kile alichokitaja. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Muuzaji akikataa, andika lalamiko na ulipeleke Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, boksi lenye namba ya utambulisho, SSD yenyewe, na picha ya skrini ya CrystalDiskInfo au ya matokeo ya H2testw yenye tarehe. Ikiwa mliandikiana na muuzaji kwa simu kabla ya kununua, usiufute ujumbe huo.